Fito Katika Goti la Shemeji Karisa

Tangu nirudi sijapita soko la Malindi bila kuulizwa habari za goti. Si habari zangu, wala za watoto. Za goti. Wanafunzi wangu wa ngumbaru ndio waliozidi. Siku ya kwanza darasani, kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni, mmoja alinyoosha mkono akataka kujua kama ni kweli shemeji yangu ametiwa boriti mguuni. Nimeona heri niandike yote mara moja, msome, kisha turudi kwenye masomo.

Habari za barua za hospitali na mihuri nitaziruka. Kila mtu ana za kwake.

Magarini hadi Malindi

Karisa ni mume wa dada yangu mkubwa, Dama. Wanakaa Magarini, bara ya Mambrui, na kazi yake ni ugema. Kwa nyinyi wa mjini mnaoijua kazi hiyo kuanzia kwenye kata ya kunywea tu, nieleze: mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya panda, yaani ua la mnazi lisilofunguka, kwa kisu chake cha kotama, kipande chembamba kama ukucha, na tembo, pombe yenyewe, likaendelea kudondoka kibuyuni. Asipopanda siku chache panda hukauka, na mti hugoma. Karisa ana minazi thelathini. Piga hesabu anakwea mara ngapi kwa siku, halafu yafikirie magoti yake.

Miaka minne iliyopita aliteleza akiwa kwenye kidato cha sita. Vidato ni zile ngazi zinazochongwa kwenye shina la mnazi. Aliangukia goti la kulia juu ya mzizi. Goti likavimba, likapoa, naye akarudi juu. Lakini tangu siku hiyo lilianza kukwama. Likikwama akiwa chini, alicheka. Likikwama akiwa juu, dada yangu alisimama chini ya mti, mikono kichwani, mpaka lifunguke.

Daktari wa Malindi alimpiga picha, akaona kuna tundu kwenye gegedu. Alituambia yuko daktari bingwa mgeni Mombasa, amekuja kwa miezi michache, na matundu ya namna hiyo huyatibu kwa njia mpya: hupandikiza kitambaa kidogo cha nyuzi nyeusi, na mwili wenyewe huota nyama katikati ya nyuzi. Dama alisikiliza, kisha akanivuta pembeni.

"Sidi, nenda naye wewe," aliniambia. "Huyu akirudi hawezi kupanda, mimi nitaishi na mtu nisiyemjua."

Hakuwa akitania. Masika iliyopita goti lilimweka Karisa chini wiki mbili. Alipanga upya kuni mara tatu, akagombana na mbuzi, na mwisho akaanza kumfundisha dada yangu kupika.

Tulipatana kuondoka alfajiri. Jua lilitukuta bado tuko shambani, kwa sababu Karisa alikuwa akimkabidhi minazi Ngumbao, jirani yake na mgema mwenzake. Alimpitisha mti kwa mti. Huu hautaki kukatwa na mtu mwenye hasira. Ule ni mvivu asubuhi, usiutukane. Ngumbao ameanza ugema kabla ya Karisa, lakini aliitikia kila neno kwa adabu, akinitazama mimi kama mtu anayeomba msaada. Basi tukakosa basi, tukapanda lori la mananasi. Kwa heshima ya goti, Karisa aliketi mbele na dereva kama bwana harusi. Mimi nilivuka daraja la Sabaki nyuma, nimekumbatia mananasi.

Malindi hadi Kilifi

Basi lilitufikisha Kilifi mapema, lakini kuvuka ni jambo jingine. Maji yalikuwa yamekupwa, malori yamejipanga mbele yetu, na feri ilikuwa ng'ambo haina haraka na mtu. Tulishuka tukakaa kwenye kivuli cha lori, karibu na muuza korosho na bibi mmoja wa Malindi aliyeketi juu ya kikapu chake, buibui limekunjwa vizuri magotini.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo bwana ana nini mguuni?"

Hapo ndipo nilipoanza makosa yangu, na niliyaanza kwa furaha, kwa sababu mnanijua: nikiulizwa swali huwa kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilimwambia Bi Rukia, maana ndilo jina lake, aufikirie mfupa wa paja la kuku, pale mwishoni pana kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hicho ndicho gegedu. Kazi yake ni kuufanya mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Ikimeguka hairudi, kwa sababu damu haifiki pale, na mahali pasipofika damu hapajitibu.

"Sasa daktari atatia gegedu ya mtu mwingine?" aliuliza muuza korosho.

Nikasema hapana. Nikatafuta mfano, nikaupata, nikaona fahari. Nyumba ya udongo, nikasema, huanza na nini? Fito. Unafunga fito, halafu unakandika udongo, ukuta ukasimama. Daktari hatii ukuta. Atatia fito tu, nyembamba, nyeusi. Udongo utatoka mwilini mwake mwenyewe.

Wote wakaelewa palepale. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuona darasa likielewa haraka namna ile. Muuza korosho aliwaeleza watu wa lori la pili, hao wakawaeleza wa la tatu. Feri ilipofika, abiria waliokuwa wakishuka walimwona Karisa akichechemea, wakamwambia pole kwa fito, ilhali hata hazijatiwa.

Bi Rukia alifungua kikapu, akatoa mkate wa mofa na kipande cha papa mkavu, akamwekea Karisa mkononi. "Kula, baba. Udongo wako ni chakula. Fito bila udongo ni uzio."

Nilitaka kumsahihisha. Lakini mkate ulikuwa bado wa moto, na kipande cha pili alinipa mimi.

Mombasa

Daktari alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeongea chini chini kana kwamba wagonjwa wote wamelala. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo sista wa wodi alitafsiri, nami nikatafsiri tafsiri ya sista. Alituonyesha vile vitambaa ndani ya kichupa: vidogo kama kifungo cha shati, vyeusi, vimesokotwa kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele. Sista alisema nyuzi hizo zina undugu na mkaa. Karisa aliuliza kama zinaweza kushika moto akikaa karibu na jiko. Daktari hakucheka. Alimjibu kwamba hilo ni swali zuri na kwamba haziwezi, na tangu dakika hiyo Karisa alimpenda.

Upasuaji wenyewe sikuuona. Nilielezwa kwamba alichonga kingo za tundu mpaka mfupa ukatoa damu kidogo, maana damu hiyo ndiyo inayoleta mbegu za nyama mpya. Kisha akapachika vitambaa viwili, kimoja ubavuni mwa kingine.

Masharti yalikuwa mawili. Kila siku Karisa alikunje goti na kulinyoosha akiwa amelala, ili lisigande. Na kwa wiki nane asiukanyagie mguu huo kabisa. Atembee kwa magongo, mguu wa kulia ukining'inia. Karisa aliyarudia masharti yote mawili bila kukosea hata neno. Ningepaswa kushuku. Mwanafunzi anayerudia kila kitu sawasawa aghalabu ameshaamua lake.

Mtwapa

Daktari alitaka tubaki karibu mpaka nyuzi za kushonea zitolewe, kwa hiyo tulikaa Mtwapa siku kumi na mbili, kwa binamu yangu Katana. Amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba vinane, ua mmoja, bomba moja. Siri haikai hapo hata usiku mmoja. Katana aliuliza, nikaeleza fito. Jioni yake mke wa mpangaji wa chumba cha tatu alileta supu ya miguu ya ng'ombe. Kesho yake chumba cha tano wakaleta supu ya miguu iliyo nzito zaidi, na mwenye nyumba, asije akashindwa na wapangaji wake, akaleta kichwa cha mbuzi.

Niliwaeleza kwamba udongo haupiti tumboni ukaenda moja kwa moja gotini. Waliitikia kwa heshima, wakaongeza ndizi. Karisa alikula kila kitu kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Siku alipotolewa nyuzi za kushonea kaptula yake ilikataa kufungwa, akafunga kikoi.

"Shemeji," nilimwambia, "nilikuleta kutibiwa goti, sasa nitamrudishia dada yangu tumbo."

"Goti likipona litabeba vyote viwili," alinijibu, akaniomba nimpitishie chumvi.

Lakini mazoezi aliyafanya. Asubuhi na jioni alilala mkekani, akakunja na kunyoosha, na wapangaji wakimhesabia kwa sauti. Hilo nimsifu.

Kilifi

Tulipovuka tena Kilifi, muuza korosho alitutambua kabla hatujashuka, akauliza kama udongo umeshika. Tulikuwa tumepanga kulala kwa shangazi yangu Kadzo siku mbili, kisha tuendelee Malindi. Shangazi ana shamba dogo juu ya kijito, nyumba safi, na jua kali lisilozuiwa na kitu.

Siku ya pili nilikwenda sokoni kununua samaki. Niliporudi nilimkuta Karisa ameketi katikati ya uwanja, bandeji imefunguliwa, goti limeelekezwa juani. Kandoni mwake shangazi alikuwa ameketi kigodani akimwangalia kama mtu anayelinda mpunga. Magongo yalikuwa yameegemezwa ukutani, mbali.

Niliuliza anafanya nini. Ni shangazi aliyejibu, kwa upole, kwamba wanalikausha.

Nikamwambia daktari alisema wiki nane.

"Daktari anatoka nchi ya mvua," alisema Karisa. "Kwao ukuta unakauka kwa wiki nane. Kwa jua letu hili, wiki mbili nyingi. Leo ni siku ya kumi na sita, mwalimu. Nimehesabu."

Jamani, hebu niambieni ningejibu nini. Kila mtu pwani hii aliyewahi kujenga anajua kwamba ukuta wa udongo wakati wa jua hukauka kwa wiki mbili, na kwamba wakati wa mvua husubiri. Alikuwa amechukua mfano wangu, akautia akili yake yote, akafika mahali ambapo mfano ule humfikisha mtu yeyote. Kisha akainuka. Shangazi akampigia vigelegele. Akakanyaga. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akazunguka nyumba nzima pasipo magongo, akicheka, na shangazi nyuma yake akimsifu. Nanyi mnajua mgema akisifiwa hufanya nini. Akazunguka mara ya pili.

Adhuhuri goti lilikuwa limejaa kama dafu. Jioni hakuweza kulikunja. Hakulalamika, lakini sufuria ya wali ilipoletwa aliisukuma, na mtu aliyekula kichwa cha mbuzi peke yake akisukuma wali, ujue anaogopa.

Mombasa tena, na Kilifi tena

Asubuhi tuliomba gari la jirani wa shangazi mpaka kwenye feri, na mchana tulikuwa mbele ya daktari. Alitoa maji yaliyojaa, kisha akaingiza bomba jembamba lenye taa ndani ya goti, akatazama kwa muda mrefu. Kitambaa kimoja kilikuwa kimetulia. Cha pili kilikuwa kimeinuka ukingoni, na nyuzi zake chache zimekatika. Alizipunguza zilizokatika, akakilaza upya.

Sista alinitafsiria mengine kwa sauti ya chini. Kikitulia, vizuri. Kikiinuka tena kitaondolewa, na hapatatiwa kingine, kwa sababu mfupa wa pale hauwezi kuchongwa tena. Wiki nane zianze kuhesabiwa upya, kuanzia moja. Na hakuna wa kuahidi kama atapanda mnazi.

Daktari aliniuliza ni nani aliyemwambia mgonjwa kwamba ni ukuta. Sista hakuwa na haja ya kulitafsiri jibu langu.

Pale feri muuza korosho alifungua kinywa, akatuona, akakifunga, akatupa korosho za bure. Nilimwambia Karisa kosa ni langu. Aliitazama minazi ya ng'ambo. Nilijua anachofikiri: minazi thelathini, na mikono ya mtu mwingine juu yake.

Tulikubaliana akae kwa shangazi wiki zote nane, mimi nikienda Malindi kufundisha na kurudi kila Ijumaa. Shangazi, kwa kujuta, alimwekea kiti nyuma ya nyumba penye kivuli, karibu na kitalu chake cha miche ya minazi: nazi kama ishirini zimelazwa ardhini, nusu ndani nusu nje, zingine zimeanza kutoa jani moja.

Ijumaa ya tatu nilimkuta hapo akiwa na nazi moja ya kitalu, ameipasua kwa kotama kutoka kichwani hadi chini. Ndani ya makumbi, yale maganda ya nyuzi yanayoifunika nazi, mizizi myeupe ilikuwa imepita huku na huku katikati ya nyuzi, imejifunga nazo, wala hata mmoja haujatokeza nje.

"Njoo uone, mwalimu," aliniambia. "Mzizi ukitoka kwenye nazi hauendi ardhini. Unazunguka kwanza ndani ya makumbi, miezi, unajishika humo. Wewe nje unaona nazi tu. Mtu asiyejua huiinua atazame kama imeota, na akiinua hukata mzizi wa kwanza unaotokeza."

Akanikabidhi nusu moja ya nazi.

"Ulinidanganya kwa fito. Ukuta hukandikwa na watu, ndiyo maana watu wote walitaka kusaidia. Hili halikandikwi na mtu. Linaota."

Nilifundishwa sayansi na walimu wengi, wengine wenye vyeti vinavyojaa ukuta, na sijaelezwa jambo vizuri kuliko vile. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema alidhani mwalimu ni mimi.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kulindwa. Shangazi akimletea supu aliinywa kama supu. Mtoto wa jirani akikimbia karibu na kitalu alimwambia apite mbali. Mguu wa kulia haukugusa ardhi hata alipokuwa peke yake. Najua, kwa sababu shangazi alimchungulia kila siku akitumaini kumfumania, na hakumfumania hata mara moja.

Magarini

Wiki ya nane ilipotimia tulishuka Mombasa kwa mara ya mwisho. Daktari aliingiza taa yake tena, na safari hii alimwita sista naye atazame. Nyuzi nyeusi hazikuonekana karibu kote. Juu yake palikuwa na ngozi nyeupe, ngumu, iliyoota yenyewe. Ukingoni pale palipoinuka bado palikuwa na mstari mweusi, mwembamba.

Alitaka tuelewe jambo moja, akasubiri mpaka sista akatafsiri lote. Kilichoota si gegedu hasa. Ni ndugu yake. Kimefanana nayo, lakini si laini kama ile aliyozaliwa nayo, na hajui kitadumu miaka mingapi. Atembee. Alime. Kuhusu kupanda, apime mwenyewe, kidogo kidogo, na likianza kuvimba ashuke siku hiyo hiyo.

Niliona uso wa Karisa, nikaanza kutafuta maneno ya kumtia moyo. Akanitangulia.

"Ndugu anatosha," alisema. "Wewe nawe si dada yangu. Ni shemeji tu, na umenisindikiza Mombasa mara tatu."

Tulifika Magarini siku ya pili yake mchana. Dama alikuwa amesimama njiani tangu asubuhi, ingawa mwenyewe anasema alikuwa akitafuta kuku. Watu walikuja, tukala, tukaeleza, safari hii akieleza Karisa mwenyewe kwa nazi iliyopasuliwa, nami nikasikiliza. Ngumbao alikabidhi minazi: ishirini na saba inatoa, mitatu imegoma. Karisa alimshukuru, wala hakuuliza ni ipi.

Asubuhi alitoka na kotama yake kiunoni. Tulimfuata kwa mbali, mimi, Dama na Ngumbao, tukijifanya tuna kazi upande ule. Alichagua mnazi mfupi kuliko yote, akavua ndara, akaweka mguu wa kushoto kwenye kidato cha kwanza, kisha ule wa kulia kwenye cha pili. Akasimama hapo kidogo, kama anayesikiliza. Cha tatu. Cha nne. Dada yangu aliinua mikono yake kuelekea kichwani, akaishusha. Cha tano.

Panda lilikuwa juu, na kibuyu kinaonekana, na katika miaka yote niliyomjua Karisa sijapata kumwona akiuacha mti katikati. Alilitazama panda. Kisha akateremka, kidato kwa kidato, mguu wa kulia ukitangulizwa taratibu, akavaa ndara, akamwambia Ngumbao apande yeye.

Dama alirudi jikoni haraka. Nilimfuata, nikamkuta analia na kucheka pamoja, anasema hajawahi kumwona mume wake akishuka bila kuambiwa.

Kwa hiyo, nyinyi mnaonisimamisha sokoni, msiniulize tena kama goti limepona, maana hata daktari hakusema. Ulizeni amefika kidato cha ngapi. Jumapili iliyopita nilipokwenda kuwaona alikuwa cha kumi na moja. Mnazi ule una ishirini na nne.